KONA YA FUNDI: Fyuzi si adui yako

Mwezi huu tunajibu swali la kijana mmoja anayejifunza ufundi. Aliona picha ya Datsun 240Z akatuuliza: "Wazee, gari la zamani kama hili taa zikigoma, mnaanzia wapi?"

Kwa wasiolijua, 240Z ni gari la spoti la Kijapani, milango miwili, silinda sita, lililoanza kutengenezwa mwaka 1969. Lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena 1973. Mwaka 1973 dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Familia yake ilikimbilia Kenya wakati wa Idi Amin. Kwa hiyo hata yeye alijua kuacha nyumba na kuanza upya. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, jumla mara tano.

Sasa tuje kwenye swali, na tuanze na aibu yetu wenyewe. Kabla ya kukimbia, tulikuwa na kazi kwenye gereji mjini. Ililetwa 240Z, taa ndogo na za nyuma zimezimika. Tukaona fyuzi imekatika. Tukaweka mpya, siku mbili ikakatika tena. Mmoja wetu akasema, "Tumechoka na hii, tuweke waya." Tukaweka kipande cha waya mnene. Taa zikawaka, mwenye gari akafurahi, akalipa. Jioni ileile akarudi kwa miguu. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, nyaya zimeyeyuka na kushikana. Bahati alikuwa amewashusha watoto.

Kumbe shida haikuwa fyuzi. Kwenye gari lile kisanduku cha fyuzi kiko katikati, karibu na gia. Vile vibano vinavyoshika fyuzi ya taa ndogo vikizeeka vinalegea na kuingia kutu. Umeme ukipita penye kulegea unatoa joto, joto linayeyusha plastiki. Ilitakiwa tusafishe na kukaza vibano, basi. Sisi tukamnyamazisha mlinzi aliyekuwa anapiga kelele.

Tangu siku ile tunafuata njia hii, hatua kwa hatua, bila kuruka:

1. Betri. Ikiwa imejaa na gari limezimwa, mita isome kama volti 12.6. Injini ikinguruma, isome karibu 14. Ikibaki 12, betri haichajiwi: angalia mkanda, alteneta na regyuleta. Safisha vichwa vya betri kwa msasa, kaza nati.

2. Erthi, yaani waya unaorudisha umeme kupitia bodi. Gari la zamani linaumwa sana hapa. Dalili yake: unawasha indiketa, taa nyingine nayo inapepesa. Chukua waya mrefu, unganisha negativu ya betri na erthi ya ile taa. Taa ikiwaka vizuri, umepata ugonjwa. Kwangua kutu na rangi, funga upya.

3. Fyuzi. Usiangalie kwa macho tu. Pima pande zote mbili kwa taa ya kupimia. Halafu zima, iguse polepole: ikiwa ya moto, vibano ni vibovu.

4. Swichi. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, hakuna rele. Miaka mingi ikipita swichi inaungua ndani. Mafundi wengi huongeza rele huko mbele, swichi ibaki kutoa amri tu.

Na kabla ya kushika waya wowote, fungua kwanza negativu ya betri. Ukiwa unapima utairudisha, ukianza kukata na kuunga uitoe tena.

Mama mmoja atasema, "Mimi sina gari, haya yanihusu nini?" Mama, yanakuhusu. Betri ya sola inayowasha taa yako usiku ni volti 12 kama ya hilo gari. Ndogo lakini ina nguvu ya kuyeyusha waya, na nyumba zetu zimebanana, turubai na nyasi. Tumeona nyumbani kwa watu fyuzi imefungwa karatasi ya sigara inayong'aa, au msumari. Tafadhali ndugu zetu, toeni leo. Fyuzi ikikatika mara mbili, usitafute kitu kigumu zaidi. Tafuta penye kulegea, penye kutu, au penye waya uliochubuka. Usipoona, lala gizani usiku mmoja, asubuhi umwite fundi.

Giza la usiku mmoja halijaunguza mtoto.

Wengine leteni maswali yenu. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.