Imani isiyopimwa kwa gari jipya

Wapendwa ndugu zangu wa Rungwe,



Nawaandikia kutoka Saxony, mashariki mwa Ujerumani, jimbo ulipo mji wa Herrnhut. Nawajibu kwa pamoja swali mnaloniuliza kila tukiongea kwa simu, hasa ninyi vijana. Mmefunga na kuomba, lakini kazi haijapatikana na mgonjwa wa nyumbani hajainuka. Jirani aliyehamia kwa nabii, yeye anashuhudia gari jipya. Kuna faida gani kung'ang'ania imani?

Anayewaambia kwamba imani hulipa haraka hajui kanisa letu la Moravian lilikotoka. Mhubiri Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Mwaka 1457 baadhi ya waliofuata mafundisho yake wakaanzisha Umoja wa Ndugu huko Bohemia. Wakuu wa Kiprotestanti waliposhindwa vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, ndugu hao walitakiwa wageuze dini au wahame. Askofu wao Comenius alifia Uholanzi mwaka 1670, hakurudi tena kwao. Waliobaki walificha vitabu na kuwafundisha watoto kwa siri, mpaka mwaka 1722, baadhi yao walipokimbilia Saxony na seremala Christian David akaangusha mti wa kwanza wa kujengea Herrnhut katika ardhi ya Zinzendorf, mkabaila aliyewapokea.

Hesabuni vizazi vilivyopita hapo katikati. Watu walizaliwa, wakaomba, wakazikwa bila kuliona kanisa lao likisimama tena. Kwa kipimo cha gari jipya, wote hao walishindwa. Lakini mwaka 1891 warithi wa imani yao walipiga hema Rungwe, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, ni walimu na wazee wetu wenyewe walioendelea kukusanya watu na kusali.

Nguvu ya kungoja hivyo ilitoka wapi? Nendeni makaburini. Pale Herrnhut, kwenye kilima cha Hutberg, karibu mawe yote ya makaburi ya ndugu yamelazwa chini, ya tajiri na ya fundi viatu yanafanana. Wamezikwa kwa zamu ya kufa kwao, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Tangu mwaka 1732 ndugu hukusanyika hapo alfajiri ya Pasaka, matarumbeta yakilia, wakikiri kwamba Kristo amefufuka na waliolala watafufuka. Nanyi mnaijua ibada hiyo, na majina ya waliotutangulia ndani ya mwaka mnayakumbuka. Mtu anayeamini kwamba kaburi si mwisho wake anaweza kuanza kazi ambayo hataimaliza.

Lakini tumaini hili hugeuzwa kuwa dawa ya usingizi, na sisi Wamoravian tuna la kujibu. Mwaka 1732 wamisionari walitumwa kisiwa cha St. Thomas, katika Karibi, kuwahubiria watumwa. Miaka michache baadaye misheni yenyewe ikanunua shamba pamoja na watumwa wa kulilima. Kumwahidi mtu uzima wa milele huku unakula jasho lake ni kumtukana Kristo aliyemfia. Kama mbele ya Mungu tutalala sawa, basi haki ya kibarua ilipwe leo, na mjane asinyang'anywe shamba kwa kuwa atapewa makao mbinguni.

Nawasihi, basi. Vijana, msiihame ibada kwa sababu jibu limechelewa. Ombeni kazi, itafuteni, na mkiikosa bado ninyi ni wana wa Mungu. Wazee, msimwambie aliyefiwa au aliyekosa ada kwamba imani yake ni ndogo. Kaeni naye, mchangieni. Wanakwaya, zile nyimbo za ufufuo msiziweke kwa ajili ya misiba tu. Ziimbeni tukiwa bado tunaweza kurekebishana. Mimi huku, ambako Jumapili viti vingi havina watu, naishika imani kwa sababu najua ninyi mnaishika. Kila mmoja wetu akilegea, anamlegeza mwenzake asiyemwona.

Amani ya Kristo ikae nanyi.

Ndimi ndugu yenu katika Bwana,
Saxony, Ujerumani