Bolti Haigomi

Fundi akishindwa kuifungua bolti ya ekzosi husema, "Imegoma." Kauli hiyo ni tamu, lakini inapotosha. Bolti haina hiari. Mwenye lawama ni aliyeifunga bila kuiwazia siku ya kufunguliwa.

Bolti hizo huchomwa na joto la moshi wa injini, zikapoa, zikalowa, kisha zikachomwa tena. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huyabana meno ya bolti tunduni. Injini yenye kichwa cha aluminiamu huzidisha shida, kwani aluminiamu hutanuka kwa joto takriban maradufu ya chuma. Mwenye pupa akilazimisha spana, bolti hukatika. Ikabidi kutoboa kwa keekee, pengine kukifungua kichwa kizima. Ikiachwa hivyo, moshi wenye sumu huvuja, nao waweza kuwafikia wanafunzi ndani ya basi la shule.

Kinga yake ni nyepesi. Fundi asugue meno kwa brashi ya waya, atupe bolti iliyoliwa, apake mafuta maalumu yenye chembe za shaba, maana grisi ya kawaida huungua, kisha akaze bila kuzidisha kipimo cha mtengenezaji. Wakati wa kufungua, atie mafuta ya kupenya kutu, angoje, aizungushe kidogo kidogo mbele na nyuma.

Walimu wenzangu wa vyuo vya ufundi, tuwafunze vijana sababu, tena kwa lugha wanayoitumia gerejini. Ajuaye kwa nini bolti hukwama hatasema imegoma. Ataifunga leo akimfikiria atakayeifungua kesho.