Bei ya Simu Inajua Kupanda Tu

Sisi wa Buhigwe tunauliza: hivi bei ya simu haina mguu wa kushukia?

Mwaka 2023 wauzaji walituambia dola imepanda. Tukaelewa, maana simu zinatoka China, na shilingi ilikuwa ikiporomoka: dola iliyokuwa 2,300 na ushee ilipita 2,600 katikati ya 2024. Tukalipa. Mwishoni mwa 2024 shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu na 2,400. Tukaenda madukani kwa matumaini, tukajibiwa, "Huu mzigo wa zamani, mzee." Ajabu, siku dola inapanda hakuna mwenye mzigo wa zamani. Bei inabadilika asubuhi hiyo hiyo.

Kodi nayo ina kisa chake. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT, asilimia 18 nzima, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi waingie kwenye intaneti. Simu ya 236,000 ilipaswa kuwa 200,000. Huku hatukuiona. Bajeti iliyofuata ikaufuta msamaha huo kwa hoja kwamba unafuu haukumfikia mlaji. Kweli haukutufikia! Lakini aliyeula hakuulizwa. Sisi tuliolala njaa ndio tulionyang'anywa sahani.

Wachumi wanasema bei hushuka pale mnunuzi anapoweza kugoma. Hilo tunalijua bila kusoma. Sabufa ikipanda tunaiacha mpaka maharage yauzwe, na mwenye duka mwenyewe anaanza kutuita, "Njoo tuongee." Simu je? Namba ya mbolea ya ruzuku inakuja kwenye simu. Kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, kwenye simu. Hela anayotuma kijana aliyeko Dar, kwenye simu. Anasa imegeuzwa kuwa lazima, na muuzaji anajua tutarudi tu. Chaja ndiyo usiseme: ikifa leo, kesho lazima ununue, kwa bei atakayotaja yeye.

Halafu kuna msimu. Kahawa na maharage vikiuzwa, wote tunakuwa na hela wakati mmoja, wote tunashuka Kasulu, na bei inatusubiri juu. Ukija wakati wa kulima, mifuko mitupu, tungetegemea ishuke. Wapi! Maduka ni machache na yanatazamana; hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupunguza.

Wanasingizia umbali. Ni kweli, Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na kutoka Kariakoo hadi kwetu Manyovu kila mkono unaopokea mzigo unaongeza chake. Lakini simu si saruji. Simu mia zinaenea kwenye begi moja la abiria. Nauli ya begi hilo, ukiigawa kwa mia, haifiki bei ya kava.

Siku serikali ikitaka kutufutia kodi tena, kwanza ifuatilie punguzo hilo mpaka kaunta ya mwisho. Na walioko Kariakoo, leteni matawi huku, mshindane. Muuzaji akishajua jirani yake anauza kwa bei ya chini, ule mzigo wa zamani utaisha siku moja.

Kwa sasa tunampelekea fundi simu zetu abadili kioo kwa mara ya tatu. Na kioo nacho, anasema, kimepanda.