Sisimizi si kipimo: Mtoto anayekojoa sana apimwe sukari siku hiyo hiyo

Wazazi wengi wamekua wakisikia kwamba kisukari hujulikana kwa kutazama mahali mgonjwa alipokojoa. Sisimizi wakijaa, ana sukari. Wasipoonekana, yuko salama. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili inaweza kumgharimu mtoto maisha.

Ukweli wenyewe ni wa kale. Matabibu wa India ya zamani waliona sisimizi na wadudu wengine wakiufuata mkojo wa baadhi ya wagonjwa, wakaupa ugonjwa huo jina lenye maana ya mkojo wa asali. Hawakuwa na maabara, lakini macho yao hayakuwadanganya: mkojo ule ulikuwa na sukari.

Shida ni kwamba sisimizi huchelewa kufika. Figo za mtu huchuja sukari na kuirudisha kwenye damu, na kwa kawaida hushindwa kazi hiyo pale tu sukari ya damu inapopita kiwango cha 10 hivi kwenye mashine ya kupimia. Mtu mwenye afya, asubuhi kabla ya kula, huwa kati ya 4 na 6 hivi. Kwa hiyo mkojo unapoanza kuwa mtamu, damu imeshazidiwa. Na mtoto anayekojoa kwenye choo cha shimo hatamwonyesha mama yake sisimizi hata mmoja.

Dalili zinazosingiziwa mambo mengine

Chukulia mtoto wa darasa la tatu huko Igalula, wilayani Uyui, aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi iliyopita. Ghafla anaanza tena. Usiku anaamka mara tatu au nne kwenda chooni. Mchana anamaliza kata baada ya kata ya maji na bado ana kiu. Anakula vizuri, lakini kaptula ya shule inamvuka.

Nyumbani maneno huwa mengi. Mmoja atasema ni uvivu, mtoto achapwe. Mwingine atasema ana minyoo, au UTI, au kuna mkono wa mtu. Wakati hayo yakijadiliwa, siku zinakwenda.

Dalili hizo nne, yaani kukojoa sana, kiu isiyokatika, kukonda na uchovu, ndizo dalili kuu za kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana. Hakiletwi na kula peremende wala na uzembe wa mama. Kinga ya mwili wa mtoto hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukishinda njaa, na mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi. Asidi hujaa kwenye damu. Hapo mtoto huanza kutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yake huwa na harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, kisha hulegea na kusinzia. Kufikia hatua hiyo, hata saa chache zina uzito.

Maabara hutafuta sukari gani?

Neno "sukari" linachanganya, kwa sababu sukari ni nyingi. Ya kwenye chai ni sukrosi. Ya kwenye maziwa ni laktosi. Asali ina fruktosi na glukosi. Inayopimwa kwa mgonjwa wa kisukari ni moja tu: glukosi.

Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anayesoma baiolojia anaweza kumuuliza kuhusu kipimo cha Benedict. Ni maji ya bluu yenye chumvi ya shaba, yaliyobuniwa na mkemia wa Marekani, Stanley Benedict, mwanzoni mwa karne ya 20. Yakichanganywa na kitu chenye glukosi kisha yakachemshwa, hugeuka kijani, njano, rangi ya chungwa, na mwisho wekundu wa tofali, kadiri sukari inavyozidi. Kwa miaka mingi hospitali zilipima mkojo hivyo: matone 8 ya mkojo kwenye mililita 5 za maji hayo, kisha moto.

Kipimo hicho kilisaidia watu wengi, lakini kina kasoro mbili. Kwanza, hakitambui glukosi peke yake. Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuwa na laktosi kwenye mkojo, na maji yakabadilika rangi ilhali hana kisukari. Hata vitamini C nyingi inaweza kuyabadilisha. Pili, sukrosi, ile ya dukani kabisa, haiyabadilishi mpaka ichemshwe kwanza na asidi ikavunjika. Wanafunzi wengi hushangaa wanapoliona hilo maabara.

Jibu lilipatikana kwenye kimeng'enya kinachoshughulika na glukosi na kuziacha sukari nyingine. Mwaka 1956, kampuni moja ya Marekani ilitoa kijiti cha karatasi chenye kimeng'enya hicho, kilichotengenezwa na wanakemia Alfred na Helen Free, mtu na mkewe. Kijiti kilichovywa kwenye mkojo, kikibadilika rangi, kilionyesha glukosi bila kuhitaji moto wala chupa. Vijiti vya leo vinavyochomekwa kwenye mashine ndogo ya kutoboa kidole vinatumia kanuni hiyo hiyo ya kimeng'enya, ila vinapima damu yenyewe na kutoa namba ndani ya sekunde chache.

Kusoma namba vizuri

Kwa mtoto mwenye dalili, namba ya 11.1 au zaidi wakati wowote, au 7.0 na zaidi kabla ya kula asubuhi, inaashiria kisukari na inahitaji daktari siku hiyo hiyo. Mashine ikiandika "HI" badala ya namba, maana yake ni kwamba sukari imepanda kuliko mashine inavyoweza kusoma. Hiyo ni dharura.

Namba inaweza pia kudanganya, na mara nyingi kosa huwa kwenye kidole. Msimu wa maembe, mtoto akimenya embe kisha akatobolewa bila kunawa, utamu ulioganda kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na mashine husoma juu. Asali hufanya hivyo hivyo, na Tabora ni nchi ya asali. Kidole kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe, ndipo kitobolewe. Vijiti visiwe vimepita tarehe, na kopo lake lifungwe kila mara kwa sababu unyevu na joto huviharibu.

Malaria isifunike sukari

Mkoa wa Tabora una malaria nyingi, na ni sahihi mtoto mwenye homa apimwe malaria. Lakini kuwa na malaria hakumzuii mtoto kuwa na kisukari pia. Kutapika, kulegea na kupumua haraka kunaweza kuwa malaria kali, homa ya mapafu, au kisukari ambacho bado hakijagunduliwa. Kwa macho tu ni vigumu kutofautisha.

Tofauti ni kubwa kwenye matibabu. Malaria kali inaweza kushusha sukari ya mtoto mpaka akapoteza fahamu, naye huhitaji kuongezewa glukosi haraka. Mwenye kisukari kisichotibiwa, akiwekewa dripu ya glukosi bila kupimwa, huongezewa kile kile kinachomuumiza. Tone moja la damu ndilo linalowatenganisha watoto hawa wawili. Ndiyo maana kila mtoto aliyezidiwa anastahili kupimwa sukari, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha kuwa anayo.

Mzazi aseme nini?

Mzazi hahitaji kujua kemia. Anahitaji kueleza dalili zote kwa mpangilio: zimeanza lini, mtoto anaamka mara ngapi usiku, anakunywa maji kiasi gani, amekonda au la. Kisha aongeze sentensi moja: "Naomba apimwe na sukari." Hakuna muuguzi wala tabibu mwenye busara atakayekasirishwa na ombi hilo.

Zahanati ikiwa haina vijiti, mtoto apelekwe kituo cha afya, au Tabora mjini ambako ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Iwe kwa basi, bodaboda au gari la kukodi, safari isingoje siku ya treni wala kesho. Mtoto mwenye dalili za kisukari anayetapika au kusinzia ni mgonjwa wa leo.

Asali haitibu kisukari. Ina glukosi ndani yake, na hupandisha sukari kama vyakula vingine vitamu. Mizizi na majani hayawezi kuchukua nafasi ya insulini kwa mtoto ambaye kongosho lake halitengenezi tena.

Insulini ndiyo iliyobadilisha hatima ya watoto hawa. Kabla yake, kisukari cha utotoni kilikuwa hukumu ya kifo ndani ya miezi au miaka michache. Januari 1922, mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa sindano hiyo, naye akaishi miaka mingine 13. Leo mtoto anayegunduliwa mapema, akachomwa insulini kila siku, akapimwa na kula kwa utaratibu, anaweza kusoma, kucheza mpira, kukua na kulea watoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo anayerudia kukojoa kitandani asichapwe. Apimwe.