Mgeni Aliyekuja Kufundisha, Naye Afundishwe

Iko mithali isemayo, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huikumbuka wamwonapo mmisionari kijana akishuka garini na sanduku la dawa mkononi. Hudhani ya kuwa kupona kumo ndani ya sanduku lile. Mimi sidhani hivyo. Nasema ya kuwa mmisionari kijana hawezi kumponya mtu wala kumfundisha mtu, mpaka kwanza amekubali kuwa mwanafunzi wa wenyeji wake. Na katika nchi ya Mbulu na Hanang neno hili lina nguvu kuliko mahali pengi. Zisikieni sababu zangu, kisha mzipime wenyewe.

Mwajua kwamba Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, huonekana kutoka mbali sana. Basi watu wauonao mlima huo kila asubuhi hawasemi lugha moja. Wairaqw husema lugha ya ukoo wa Kikushi, iliyo ndugu wa mbali wa Kisomali. Wadatoga, wachungaji wa ng'ombe, husema lugha ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu husema lugha za Kibantu, kama Kiswahili kilivyo. Na katika Bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, wala wataalamu hawajapata kuthibitisha undugu wake na lugha nyingine yo yote. Ni nchi chache sana duniani ambazo mtu hukutana na koo nne za lugha kwa mwendo wa siku moja au mbili.

Katika nchi hiyo, mwaka 1955, wamisionari Walutheri kutoka Norwei walifungua hospitali mahali paitwapo Haydom. Leo hospitali hiyo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu, nayo ina vitanda zaidi ya 400 na chuo cha wauguzi. Mganga Ole Halgrim Evjen Olsen alikaa huko miaka mingi sana, na baadaye mwanawe Øystein naye akaiongoza hospitali ile ile. Walakini si kila kijana ajaye hukaa hivyo. Wengine hukaa mwaka, wengine miezi michache. Hao ndio ninaowasemea leo.

Hebu tulitazame juma moja la kijana wa namna hiyo, muuguzi au mganga, katika nchi kama hii. Jumatatu asubuhi husali pamoja na wenzake, kisha huzunguka wodini. Jumanne huwa na akina mama wajawazito. Jumatano mvua imenyesha, njia ni tope, na gari limekwama. Husukuma pamoja na watu wengine, na viatu vyake havina cheo tena. Alhamisi huenda mbali kupima watoto kwa mizani iliyotundikwa mtini, na kuwachanja. Hospitali ya Haydom imetumia hata ndege ndogo za shirika la MAF kwa kazi hiyo, kwa kuwa vijiji vingine ni vigumu kufikiwa. Ijumaa huandika taarifa. Jumamosi huenda mnadani, akaona ng'ombe, mablanketi na chumvi. Jumapili huenda kanisani, na baadaye hukaribishwa ugali kwa maziwa ya mgando.

Sasa nauliza: katika siku hizo saba, ni saa ngapi amezitenga ili afundishwe? Kama hana hata moja, juma lake ni bovu, ijapokuwa amefanya kazi mpaka usiku.

Sababu yangu ya kwanza ni uhai wa mgonjwa. Mama mmoja husema, "Chembe cha moyo chaniuma." Mgeni hufungua kamusi, akaona neno moyo, akaanza kutafuta ugonjwa wa moyo. Lakini kila mtoto wa Kiswahili ajua kwamba chembe cha moyo ni pale juu ya tumbo, chini ya kifua. Au mgeni huandika kwenye bahasha ya dawa, "saa 2." Kwake ni saa mbili baada ya adhuhuri, kwa mgonjwa ni saa mbili asubuhi, jua limekwisha kupanda. Dawa iliyo njema yaweza kunywewa vibaya kwa sababu ya tarakimu moja tu. Na hayo ni makosa ya Kiswahili. Je, yule bibi Mdatoga ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, atayaelezaje maumivu yake?

Sababu ya pili ni heshima. Watu wengi huwaita Wadatoga "Wamang'ati." Neno hili latoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Mgeni asiyeuliza atalichukua jina hilo kinywani mwake na kumwita mgonjwa wake adui, huku akitabasamu kwa upendo. Aliyeuliza atasema Mdatoga, na mlango utafunguka.

Sababu ya tatu ni kazi inayobaki. Mgeni huondoka, wauguzi wenyeji hubaki. Kama alifanya kila jambo kwa mkono wake mwenyewe, basi alipoondoka aliondoka nalo. Kama alijifunza kwao na kuwafundisha anayoyajua, kazi haivunjiki.

Najua wako watakaonijibu hivi: "Kiswahili chatosha, tena mgeni hana wakati. Akitumia miezi sita kujifunza maneno, nani atawatibu watu?" Hoja hii si ya kudharauliwa, maana wagonjwa hawangoji. Tena ni kweli kwamba hakuna awezaye kujifunza lugha nne kwa mwaka mmoja. Lakini mimi sisemi azijue zote. Nasema ajifunze Kiswahili sawasawa, na salamu za kila kabila. Na kwa mengine amtegemee mkalimani, amheshimu, wala asimharakishe. Na yule ambaye muda wake ni mfupi, huyo ndiye apaswaye zaidi kuwa chini ya muuguzi mwenyeji, si juu yake. Mithali nyingine husema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mmisionari, jembe la kwanza ni sikio.

Ikiwa mgeni ni mwanafunzi, basi mwenyeji ni mwalimu. Nanyi mnaosoma kitabu hiki ni miongoni mwa walimu hao. Akikosea neno, msimcheke mpaka akaogopa kusema tena. Mwambieni lililo sawa, naye alirudie. Akiuliza njia ya kutamka Tlawi, msimwambie "yatosha" kabla haijatosha. Msimkimbilie kuomba peremende na kalamu, maana mwalimu hamwombi mwanafunzi wake. Na akitenda lisilofaa, mwambieni mzazi au mwalimu wenu bila hofu. Ugeni haumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Tena msifikiri ya kuwa wamisionari ni watu wa Ulaya tu. Kanisa la Tanzania limetuma wamisionari wake Kongo na Msumbiji. Wao pia walikuta lugha wasizozijua na vyakula visivyo vya kwao. Yamkini mmoja wenu, Mwairaqw au Mdatoga, atakuwa mwalimu Lindi, au muuguzi katika nchi ya mbali, na watoto wa huko watamtazama kwa mshangao kama mnavyomtazama mgeni leo. Siku hiyo atajua ni nini kuwa mtu mzima mwenye elimu, asiyeweza kuomba maji.

Kwa hiyo, mkimwona mmisionari kijana mwisho wa juma, msimwulize amejenga nini, wala ameleta nini. Mwulizeni, "Juma hili umejifunza neno gani?" Akiwajibu kwa furaha, mfundisheni la pili.