Hereni ya Mtoto ni Pambo, Sikio Lake ni Amana

  

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa moja baada ya sala alitujia kijana amembeba binti yake wa miezi saba. Mtoto alikuwa akilia na kujikuna upande mmoja wa kichwa. Baada ya salamu kijana akasema, "Sheikh, mama amenituma. Anasema mjukuu wake amepigwa jicho, hajalala siku ya tatu leo. Tunaomba umsomee." Tulipomgeuza mtoto uso tuliona ndewe ya sikio la kushoto imevimba na kuwa nyekundu. Kifungio cha nyuma cha hereni hakikuonekana, kwa kuwa nyama ilikuwa imekimeza. Tukamwambia, "Mwanangu, dua tutaisoma, lakini mpeleke mtoto zahanati sasa hivi." Huko muuguzi alimtia ganzi, akaitoa hereni ndogo ya kipini iliyopakwa rangi ya dhahabu, ya bei rahisi kabisa. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa mzima, na tundu la sikio lile limeziba. Hapo bibi yake akatuletea swali: je, inafaa kumtoga tena?

Swali hili ni la nyumba nyingi, nasi tumeona tulijibu hadharani.

Tuanze na hukumu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali Idi, kisha akawaendea wanawake akiwa na Bilal (R.A.), akawahimiza kutoa sadaka. Wakawa wanavua hereni zao na kuzitoa. Na katika hadithi mashuhuri ya Ummu Zar', aliyoisimulia Bibi Aisha (R.A.), mwanamke yule anamsifu mumewe kwa kuyajaza masikio yake mapambo. Wanawake wa zama za Mtume, basi, walivaa hereni, na wanazuoni wengi wamechukua humo ruhusa ya kutoga masikio ya mwanamke.

Hata hivyo, mmoja wa wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, alilikataza jambo hili kwa mtoto wa kike. Hoja yake ni kuwa kutoga ni kujeruhi na kuumiza, na jeraha halihalalishwi ila kwa haja nzito, kama kuumika au kutahiri. Pambo, kwa maoni yake, halifiki daraja hiyo. Naye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijria, aliandika katika kitabu chake juu ya hukumu za watoto wachanga kuwa kwa binti inajuzu, kwani mwanamke ana haja ya pambo, na kwa mvulana inachukiza, kwani hana maslahi nalo ya dini wala ya dunia. Wazazi wenye vijana wa kiume wanaotaka kipini sikioni na walizingatie hilo.

Sisi tunaifuata kauli ya ruhusa. Lakini tunaona hoja ya Ghazali haijafutika. Ameturudisha kwenye asili: mwili wa mtoto si mali ya mzazi, ni amana. Aliyeruhusiwa kutoga hakuruhusiwa kudhuru, na dini yetu imekataza mtu kudhuru au kudhuriwa. Hivyo mzazi anayemtoga binti kwa sindano chafu, akamvika madini yanayomla ngozi, kisha akamsahau, ameiacha ruhusa nyuma yake na kuingia katika dhuluma.

Basi ni lini mtoto atogwe? Wengine hutoga siku ya saba pamoja na akika, wengine siku ya arubaini. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Lakini akika inatimia bila sindano, na sikio la mtoto mkubwa linatogeka vilevile. Kichanga hawezi kusema kuwa panauma. Tena kidonda ni mlango wa pepopunda, na watoto wetu huanza chanjo yenye kinga yake wakiwa na wiki 6, kisha wiki 10 na wiki 14. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kungoja hadi mtoto awe na umri wa kuweza kulitunza sikio lake mwenyewe. Rai yetu ni hiyo: binti angojewe afikie umri wa kuomba na kuelewa. Kwa anayesoma, likizo ndefu ndiyo wakati wake, maana ndewe huhitaji kama wiki 6 kupona, na shule nyingi haziruhusu hereni. Ikivuliwa mapema, tundu huziba.

Na atogwe na nani? Na mwenye mikono safi, glavu na sindano mpya isiyotumiwa kwa mwingine. Zile bastola za kutogea zinazopita kutoka sikio hadi sikio katika vibanda vya urembo, nyingi haziwezi kuchemshwa wala kutakaswa kikamilifu kwa mvuke. Maradhi ya homa ya ini na mengineyo husafiri kwa tone la damu lisiloonekana. Na familia yenye historia ya makovu yanayovimba na kukua na itafute ushauri wa daktari kwanza, kwani ndewe ni mahali pa makovu hayo.

Linalofuata ni madini, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa na bei. Hereni nyingi za rahisi zina nikeli chini ya rangi ya dhahabu. Rangi ikichujuka kwa jasho, nikeli hugusa ngozi, na sikio huwasha, hutoka majimaji na kubambuka. Mwili ukishaikataa nikeli mara moja, kwa kawaida utaikataa maisha yote, iwe katika saa, kifungo au mkufu. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuidhibiti katika mapambo mwaka 1994. Sisi tunaoishi kwa soko huria hatuna budi kujilinda. Kwa tundu jipya nunua dhahabu ya karati 14 au zaidi, au titani. Dhahabu nyeupe nayo huweza kuchanganywa na nikeli, hivyo muulize sonara. Kama fedha haitoshi, kungoja ni heri kuliko kununua ugonjwa.

Kwa mtoto, hereni ndogo ya kipini inayokaa juu ya ndewe ni bora kuliko kipuli kinachoning'inia, kwani hainaswi na nguo wala haivutwi na mwenzake. Kifungio cha kuzungusha kama skrubu hakianguki akakimeza. Kisikazwe, bali iachwe nafasi hewa ipite na uvimbe upate pa kukaa. Osha mikono kabla ya kuligusa sikio. Safisha mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Jivu, mate, dawa ya meno na mafuta ya taa si dawa. Ukiona usaha, joto, homa, au kifungio kinazama, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Bibi zetu wa Unguja na Lamu walivaa majasi kwenye ndewe, tena wengine walitoga safu ya matundu ukingoni mwa sikio. Mabinti wa leo wanaoirudia safu hiyo wajue kuwa ukingo ule ni gegedu. Damu yake ni chache, hupona kwa miezi mingi, na ukiingia uchafu sikio huweza kuharibika umbo lisirudi.

Kwa mabinti waliobaleghe na akina mama, hereni haibatilishi udhu, na kupaka maji masikioni ni sunna. Katika josho la janaba au hedhi, isogeze au ivue ili maji yafike kwenye tundu lililo wazi. Mwenye jeraha linalodhurika kwa maji ana rukhsa yake.

Pambo hili ni la nyumbani, kwa mume na maharimu. Uzuri wa kipini ni kwamba kinakaa chini ya ushungi bila kuunasa, na kinapendeza na mkufu mkubwa bila kushindana nao. Tia mafuta na udi kwanza, hereni mwisho. Dhahabu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo. Lulu ifutwe kwa kitambaa tu. Dawa za kung'arisha nguo zisiikaribie hata moja. Wala usimtume mtoto dukani na dhahabu sikioni, kwani wapo wanaovuta pambo na nyama yake.

Tulimjibu bibi yule: inafaa, lakini mngoje mjukuu aombe mwenyewe. Hakufurahi. Alisema wanawe wote walitogwa wachanga na hawakufa. Tukamwambia kweli hawakufa, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini huyu alilia siku tatu, nasi watu wazima tukamtafuta mwenye jicho, na kilichomtesa tulimvika sisi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, sheikh, tutamngoja."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa alichotukabidhi. Wabillahi tawfiq.