DAFTARI LA MVUA SI LA KUBUNI

Juzi tulifungua daftari la mvua tukakuta siku saba zimeandikwa kwa mkupuo mmoja, wino uleule: 5, 10, 5, 5, 10... Jamani, mvua gani hiyo inayonyesha kwa tano tano? Mwenye zamu alikuwa msibani. Kwenda msibani hatumlaumu, tunalaumu kubuni. Daftari hilo ndilo tunalotazama kuamua siku ya kupanda, na mbegu ikifia ardhini hakuna wa kuturudishia.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa eka moja ni zaidi ya lita 4,000! Sasa ukiongeza 5 za uongo, piga hesabu mwenyewe.

Tusome saa 3 asubuhi kila siku. Bilauri ya kupimia iwe pahali palipo sawa, uchuchumae jicho lilingane na maji, usome katikati yalipobonyea, si pembeni yanapopanda kwenye kioo. Andika papo hapo. Haikunyesha, andika 0. Hukusoma, andika "haikusomwa". Maji ni ya siku mbili? Sema ni ya siku mbili.

Zile saba tumezipiga mstari mmoja, bado zinasomeka. Mwenye safari amwachie jirani zamu mapema.